Aliyefichwa Ni Nani? Kisangani, Siri za Vita na Ukweli wa Marais



Nimeombwa nizungumzie siri za serikali wakati wa vita: nani anapaswa kuzitunza, nani ana haki ya kuzitoa nje, na rais anawiwa ukweli kiasi gani na watu wakati bunduki zinalia. Kwingineko mada hii huachiwa wanasheria na wahariri. Hapa Kisangani inagusa kila nyumba, maana humu ukumbini wamo watu ambao tarehe 5 Juni 2000 walijibanza chini ya vitanda na watoto wao, na wamo vijana waliozaliwa baadaye wakakuta matundu ukutani bila mtu wa kuwaeleza sawasawa yalitoka wapi.

Nitasema tangu mwanzo ninachoamini, ili mnipime nacho. Siri kubwa za vita vilivyopita hapa hazikuwa siri kwa adui. Adui alizijua, kwa kuwa alikuwa ng'ambo ya pili ya daraja. Kwetu pia hazikuwa siri. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na kata tulikuwa sisi. Waliofichwa ni wale wenye uwezo wa kumwajibisha aliyetuma jeshi: mbunge wa nchi yake, mfadhili anayejazia bajeti yake, hakimu anayetaka karatasi. Kwa hiyo kila tunapobishana kama siri fulani ilistahili kuvuja, naomba tuanze kwa kuuliza aliyefichwa ni nani.

Tuzitazame zile Siku Sita zenyewe, za tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Mji huu ulichukuliwa na waasi wa RCD mwezi wa Agosti 1998, na nyuma ya chama hicho yalikuwapo majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda. Yalikuja kama washirika. Mwaka uliofuata chama kikapasuka. Kiongozi wake, Profesa Wamba dia Wamba, akahamia hapa chini ya ulinzi wa Waganda, wenzake wakabaki Goma na Wanyarwanda, na almasi ya Kisangani ikawa inagombewa na watu wenye silaha pande zote mbili. Agosti 1999 wakapigana mara ya kwanza. Mei 2000 wakapigana tena, kisha wakuu wao wakakubaliana kuondoa askari mjini. Tarehe 5 Juni makombora yakaanza kuvuka mto Tshopo, na hayakunyamaza hadi tarehe 10.

Kwa wale ambao hawakuwapo, lazima muone ramani. Komine ya Tshopo imekaa kati ya mto na katikati ya mji. Jeshi moja lilikuwa kaskazini, upande wa pili wa daraja, na jingine upande wa mji. Kombora lililokosa shabaha halikuwa na mahali pa kuangukia isipokuwa nyumba za watu. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika, na umeme ukikatika hapa bomba nalo hukauka, kwa hiyo mama aliyenusurika usiku alipaswa kuamua asubuhi kama atatoka na ndoo kwenda mtoni, au atabaki ndani na watoto wanaolilia maji. Wengi walikimbilia msituni. Kanisa kuu lilipigwa. Wapo waliozikwa uani, karibu na jiko, kwa kuwa njia ya makaburini ilikuwa imefungwa na risasi.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye mwaka huo kutathmini hasara uliripoti raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa, shule 69 zilizopigwa na watu 65,000 waliokimbia. Miaka 10 baadaye, Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ikaandika kwamba waliouawa ni kati ya 244 na 760. Tazameni nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili. Ni zaidi ya watu 500 ambao dunia haina hakika kama walikufa. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Marais wenyewe walisema nini? Kagame wa Rwanda alikuwa na muda usiofika miezi miwili ikulu; Museveni wa Uganda alikuwa na miaka 14. Kila upande ulidai kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Mjadala wao ukawa juu ya uchokozi, kana kwamba walipigana kwenye mbuga isiyo na watu. Aliyewataja raia kwa uzito ni Baraza la Usalama: azimio 1304 la tarehe 16 Juni 2000 lilisema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa roho na mali za watu wa Kisangani. Kwa hiyo karatasi ya kututetea ilikuwapo kabla hata vifusi havijazolewa.

Lakini uongo wa vita katika mji huu ulianza kabla ya hapo, na haki inanilazimu nianze na wetu. Januari 1997 serikali ya Mobutu ilitangaza shambulio kubwa la kujibu ambalo lingewafagia waasi. Kisangani ndiyo ilikuwa makao yake, na mamluki wa Kizungu waliletwa hapa. Tarehe 15 Machi mji ukaanguka. Wananchi waliokuwa wakisikiliza redio ya taifa hawakuonywa. Waliokuwa wakitazama askari wakipakia magodoro kwenye magari ndio waliojua.

Waasi hao, AFDL, walipoingia, Kinshasa na dunia nzima waliambiwa kwamba ni Wakongo wanaojikomboa wenyewe. Kigali ilikana kuwa na jeshi huku. Muuza mikate wa komine ya Makiso alisikia kwa masikio yake askari wale walizungumza lugha gani, lakini ushahidi wa muuza mikate hauhesabiwi katika diplomasia. Ndipo tarehe 9 Julai 1997 gazeti la Washington Post likachapisha mahojiano ambamo Kagame, aliyekuwa makamu wa rais na waziri wa ulinzi, alieleza kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga vita vile na maofisa wake ndio walioviongoza. Tazameni wakati aliousema. Mobutu alikuwa amekwisha kukimbia. Ukweli uliofichwa ulipokuwa na gharama ulitolewa hadharani ulipogeuka kuwa sifa. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo: vita vya pili vilianza Agosti 1998, Rwanda ikakana kuwa na askari ndani ya Kongo, na Kagame akakiri mwezi wa Novemba, wakati mji huu ulikuwa na jeshi hilo tangu Agosti.

Katikati ya hayo kuna jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha, hata sisi tunaopenda kujiita mji shahidi. Ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, katika komine ya Lubunga, ndiko inakoanzia reli ya kwenda Ubundu. Aprili 1997, kando ya reli hiyo, huko Kasese na Biaro, walikuwapo makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kihutu kutoka Rwanda waliotembea kutoka mpakani hadi hapa. Miongoni mwao walikuwamo waliohusika na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Wengi sana walikuwa wanawake, watoto na wagonjwa wa kipindupindu. Njia ikafungwa kwa wafanyakazi wa misaada. Waliporuhusiwa kurudi baada ya siku chache, walikuta kambi tupu.

Rais mpya, Laurent-Désiré Kabila, aliahidi kushirikiana na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Wachunguzi wakazungushwa, wakazuiwa, wakatishwa, hadi Aprili 1998 Katibu Mkuu Kofi Annan akawaondoa. Huyu alikuwa rais wetu, si wa jirani. Alikuwa akiwalinda washirika wake wa wakati ule. Baada ya miezi michache washirika hao wakamgeuka, na wakaja kuupiga mji ambao ungeweza kuwa na ushahidi dhidi yao. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa jinsi siri inayotunzwa kwa faida ya rais inavyokuja kuwaumiza raia wake.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Tarehe 26 Agosti 2010 gazeti la Le Monde la Paris lilichapisha habari za rasimu ya Ripoti ya Mapping kabla Umoja wa Mataifa haujaitoa. Ni kazi ya kurasa zaidi ya 500, inayohusu Machi 1993 hadi Juni 2003, yenye matukio 617 na mashahidi zaidi ya 1,280. Ndani yake yamo ya reli ya Ubundu, zimo Siku Sita. Rasimu ilisema kwamba baadhi ya mashambulio dhidi ya wakimbizi wa Kihutu, yakithibitishwa na mahakama yenye mamlaka, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Rwanda ikawaka, ikatishia kuondoa walinda amani wake Sudan. Ripoti rasmi ilitoka tarehe 1 Oktoba. Maneno yalikuwa yamelainishwa, tahadhari zimeongezwa, lakini hoja yenyewe ilibaki. Nasema kwa hukumu yangu mwenyewe: kama rasimu isingekuwa imeshasomwa na dunia, hoja hiyo ingefutwa kimya kimya katika ofisi yenye zulia, na sisi tusingejua kwamba iliwahi kuandikwa.

Wapo waliosema mvujishaji alikosa nidhamu, kwamba mambo mazito hayatolewi nusu nusu. Namheshimu mtu mwenye hoja hiyo. Namwuliza tu: mashahidi 1,280 walisafiri, walilia, walitaja majina ya watoto wao mbele ya watu wenye madaftari. Wengine walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 10. Walipaswa kungoja idhini ya nani?

Tena kuna kitu ambacho wengi hamkijui juu ya ripoti hiyo. Majina ya watuhumiwa hayamo. Yaliwekwa katika hazina ya siri, chini ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva. Hapa ndipo mjadala wa siri unapokuwa mgumu kweli, na sitaki tuupite mbio. Majina ya mashahidi lazima yafichwe. Mwanamke wa komine ya Mangobo aliyesimulia alichotendewa hawezi kulindwa na Geneva usiku mlango ukigongwa. Majina ya watuhumiwa nayo hayafai kumwagwa barabarani, kwa sababu mtuhumiwa si mhalifu bado, na kwa sababu barabara zetu zinajua kuua.

Kumbukeni tarehe 14 Mei 2002. Askari walioasi waliteka kituo cha redio hapa mjini asubuhi wakawaita watu wawafukuze Wanyarwanda. Kabla jua halijafika utosini walikuwapo watu waliouawa kwa kudhaniwa tu ni Wanyarwanda. Kisha RCD-Goma, lile tawi lililobaki na Wanyarwanda, wakaleta askari kwa ndege, na kisasi kikaanza, Mangobo na kwenye daraja la Tshopo. Waliouawa walitupwa mto Tshopo, wengine wamepasuliwa tumbo na kujazwa mawe ili wasielee. Baada ya siku chache baadhi yao wakaelea. Wakubwa wa chama wakakasirishwa zaidi na waliotoa taarifa kuliko na waliotenda, wakamtangaza mkuu wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, kuwa mtu asiyetakiwa. Siku ile moja inanifundisha mambo mawili ambayo hayakai pamoja kirahisi: kwamba neno lililotupwa redioni kwa chuki linaua, na kwamba aliyeua naye atakimbilia kusema anazuia chuki ili azibe midomo ya wanaohesabu maiti.

Kwa hiyo msimamo wangu juu ya hazina ile ya Geneva ni huu: ipelekwe kwa mwendesha mashtaka wa mahakama, iwe mahakama maalumu au vyumba mchanganyiko, lakini mahali penye hakimu na wakili wa utetezi. Daktari Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, amekuwa akidai mahakama kwa miaka, na hilo si dai la kisasi. Siri iliyokabidhiwa hakimu bado inalindwa. Siri iliyofungiwa kabatini bila hakimu humlinda mtuhumiwa peke yake.

Watu wa Marekani wana historia yao katika jambo hili, na sehemu yake ilipita juu ya vichwa vya wazee wetu. Mwaka 1964, mji huu ukiitwa Stanleyville na kabla waasi wa Simba hawajauteka, serikali ya Rais Johnson ilikana mwezi wa Juni kwamba marubani wa Kimarekani walikuwa wakipiga mabomu Kongo, kisha ikalazimika kukubali. Baadaye kazi hiyo waliachiwa marubani wakimbizi wa Kikuba, waliolipwa na CIA, ili Washington iweze kusema hakuna Mmarekani vitani. Tarehe 24 Novemba makomando wa Kibelgiji walirushwa uwanja wa ndege wa Simi-Simi kutoka ndege za Marekani, na dunia ikaambiwa ni uokoaji wa mateka tu. Mateka walikuwapo kweli, na walikuwa wanauawa kweli. Lakini siku ile ile safu ya mamluki na jeshi la Waziri Mkuu Tshombe iliingia mjini, na Wakongo waliokufa katika siku zilizofuata hawakuwamo katika taarifa ya uokoaji. Aliyefichwa hapo alikuwa mpiga kura wa Marekani. Mzee wa Mangobo aliziona ndege kwa macho.

Miaka 7 baadaye Daniel Ellsberg alitoa kwa magazeti kurasa 7,000 za siri za vita vya Vietnam, zilizoonyesha kwamba serikali kadhaa mfululizo ziliwaambia wananchi jambo moja huku zikiandika jingine. Serikali ya Nixon ilitaka magazeti yazuiwe. Mahakama Kuu ilikataa tarehe 30 Juni 1971, majaji 6 kwa 3. Wanafunzi wa sheria wanapenda sana kesi hiyo, na wana haki. Ila naomba waone tofauti yetu. Mmarekani aliyedanganywa juu ya Vietnam angeweza kumnyima kura aliyemdanganya. Sisi tulipigwa makombora na majeshi ya marais wawili ambao hatukuwachagua na hatuwezi kuwaondoa. Hatuna mbunge Kampala. Hatuna gazeti Kigali. Kilichobaki kwetu ni karatasi inayovuja na mahakama inayokubali kuisoma. Ndiyo maana siwezi kuongea juu ya uvujaji kwa ubaridi wa mtu ambaye ana sanduku la kura la kukimbilia.

Na mahakama ilisoma. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuivamia Kongo, kwamba jeshi lake lilikosa kutofautisha raia na wapiganaji, na kwamba liliiba au liliacha mali yetu iibwe. Sehemu ya ushahidi ilitoka Uganda kwenyewe, kwa Tume ya Jaji Porter, ambayo serikali ya Kampala iliiunda baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuuliza, mwaka 2001, ni vipi nchi isiyo na migodi ya almasi inauza almasi nje. Nawapa Waganda haki yao hapo: walihoji maofisa wao hadharani na kuandika majibu. Rwanda haikufikishwa popote. Kesi yetu dhidi yake ilitupwa tarehe 3 Februari 2006 kwa sababu haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kwa hiyo kati ya mizinga iliyolia pande mbili za daraja, ni upande mmoja tu uliopelekewa hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuja tarehe 9 Februari 2022. Serikali yetu ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Wengi tuliona uchungu, na wapo waliosema majaji wamenunuliwa. Mimi nimeisoma hukumu hiyo, na kinachouma zaidi ni sababu zake. Kongo ilidai vifo 180,000 vya raia; mahakama ikasema hesabu hiyo haina msingi wa ushahidi, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Fomu za wahanga zililetwa, lakini nyingi hazikuambatana na cheti cha kifo, wala karatasi ya hospitali, wala hati ya nyumba. Majaji walikubali kwamba vita huharibu ushahidi. Walikumbusha pia kwamba Kongo ilikuwa na miaka mingi tangu 2005 ya kuukusanya.

Hapo ndipo zinaporudi zile roho zaidi ya 500 kati ya 244 na 760. Mtu aliyezikwa uani bila cheti Juni 2000 alizikwa mara ya pili The Hague. Na kwa nini hapakuwa na karatasi? Kwa sababu waliotawala mji siku zile walikuwa washirika wa waliopiga, na hakuna mtawala anayeandika kwa bidii orodha ya watu ambao bwana wake amewaua. Kwa sababu baadaye, mkataba wa amani wa Sun City uliwaweka wapiganaji wale serikalini, na kuandika kukawa kuwaudhi mawaziri. Rais anapokana vita, katibu wa komine naye hufunga daftari. Hasara hiyo haionekani siku ile. Ilionekana miaka 22 baadaye, kwa dola.

Bunge letu lenyewe lilifungia karatasi hivyo hivyo, safari hii juu ya mikataba. Tume ya Christophe Lutundula ilichunguza mikataba iliyosainiwa wakati wa vita vya 1996 na 1998, ikakabidhi ripoti Juni 2005. Haikujadiliwa. Ilikaa mezani miezi, mpaka mapema 2006 ikaonekana kwenye intaneti, na kumbe ilikuwa inawataja wakubwa wa serikali ya mpito waliokuwa wakijiandaa kwa uchaguzi. Mwanasiasa yeyote aliyepinga uvujaji ule aniambie wapiga kura wa 2006 walipaswa kuijua lini.

Nikifika kwenye vita vya sasa, sitaki tuishie kumnyooshea kidole jirani. Ni kweli, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako pamoja na waasi wa M23, na habari hiyo nayo ilijulikana kwa kuvuja kabla ya kuchapishwa. Ni kweli kwamba Februari 2025, wiki moja baada ya Goma kuanguka, Kagame aliulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo akajibu kwamba hajui, ilhali yeye ndiye amiri jeshi mkuu. Lakini ripoti hiyo hiyo iliandika pia juu ya jeshi letu kuwatumia wanamgambo wa Wazalendo na kushirikiana na FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Tulishangilia kurasa za kwanza, tukaziruka za pili.

Tena, Januari 2025, kabla Goma haijaanguka, waziri wetu wa sheria Constant Mutamba alionya kwamba yeyote, mwandishi wa habari akiwemo, atakayeeneza shughuli za jeshi la Rwanda na M23 atakabiliwa na sheria, hata adhabu ya kifo. Baraza la habari likaisimamisha Al Jazeera siku 90 kwa kumhoji kiongozi wa M23. Goma ikaanguka tarehe 27. Rais wetu alilihutubia taifa usiku wa tarehe 29. Kwa siku mbili, familia za hapa zenye mtoto jeshini kule zilikuwa zikiishi kwa simu na tetesi. Nakubali kabisa kwamba njia ya msafara, kituo cha ndege zisizo na rubani, jina la mpelelezi, ni siri halali; anayezitoa anaua. Kuanguka kwa mji wenye zaidi ya watu milioni si siri ya namna hiyo. Aliyeuteka anajua ameuteka.

Waziri yule yule alirudi kwenye historia ya Kisangani kwa mlango mwingine. Fedha za fidia ya Uganda, dola milioni 65 kwa mwaka kuanzia Septemba 2022, huingia FRIVAO, mfuko wa wahanga wenye makao hapa mjini. Dola milioni 19 zilitoka katika fedha hizo kwa ajili ya gereza jipya la Kisangani. Bunge liliruhusu ashtakiwe, na tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasioni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu. Yeye alikana na kusema ni njama ya kisiasa. Mimi si hakimu wake. Ninachouliza ni kwamba fedha za watu waliokufa chini ya makombora zilikuwa zinahamishwa, na je, mjane wa komine ya Tshopo angejua kwa njia gani? Hakuna ubao uliobandikwa. Yeye amepanda toleka, ile baiskeli ya abiria, mara ngapi kwenda kuuliza jina lake, akaambiwa orodha ni ya siri kwa usalama wa wahanga? Siri hiyo nayo aliyefichwa ni nani?

Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupata habari. Haihitaji kusubiri vita viishe. Awamu ya mwisho ya fidia imepangiwa tarehe 1 Septemba 2026. Ninaomba, na ninaomba mbele yenu ili muwe mashahidi, mambo matatu yafanyike kwa awamu zote tano. Katika kila komine, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, mhanga aweze kufika na kitambulisho chake akaoneshwa faili lake na kiasi alichopangiwa. Jumla za mfuko, zilizoingia, zilizotoka na aliyesaini, zibandikwe ukutani na zisomwe Radio Okapi. Na chuo hiki tulimokutana, chenye vijana wanaojua kuandika na kompyuta, kipewe kibali cha kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha makaburi ya uani ya Juni 2000, jina, umri, mahali, na shahidi anayekumbuka, kabla wazee wa mitaa ile hawajaondoka nayo. Wanafunzi walio tayari kuanza wamebaki nyuma ya ukumbi na daftari. Anayejua kaburi lisilo na jina awafuate pale.